Vipande vya Mkaa Sandukuni

Tairi la lori lilipasuka asubuhi, likijazwa upepo, na mke wangu alikuwa amelipigia magoti. Mshindo niliusikia nikiwa nyumbani, nanyoa ndevu. Nikasema moyoni, leo kuna mtu kapata hasara. Nikaendelea kunyoa.

Ovaroli aliyoivua jana yake ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, haijafuliwa. Baada ya maziko niliikunja, nikaitia kwenye sanduku la bati. Kila asubuhi nilikuwa nafunua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala, nikaingiza uso. Mpira, gundi, na chini yake jasho lake, lenye uchachu wa mbali. Mpira na gundi viko kila gereji. Jasho lile lilibaki humo tu.

Alikuwa mchafu kwa raha zake. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye shuka, kwenye vikombe, kwenye shingo yangu. Nikilalamika alinijibu, "Huo ni mhuri, baba. Usije ukaibiwa nikakosa ushahidi."

Sekondari tulifundishwa kwamba weusi wa tairi ni masizi, huchanganywa na mpira ili uwe mgumu. Na masizi ni kaboni, ndugu wa mkaa na wa risasi ya penseli. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikalipata. Sikujua naandika habari za shingo yangu.

Mvua za mwaka ule hazikutaka kwisha. Kuta zilitoa ukungu. Nilipotumwa safari ya kikazi nilimwachia ufunguo shemeji, mdogo wa marehemu, waliyekuwa wakiziba naye pancha. Niliporudi alinipokea mlangoni, uso wake mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Shemeji, sanduku lilianza kuvunda. Tangu siku ile uliyoondoka nimelitia mkaa. Nguo ya dada haitaoza, ondoa shaka."

Wema wake ulituponza sote wawili. Nilifungua, nikaingiza uso. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Nikarudia. Akaelewa kabla sijasema neno. Akaninyang'anya ile nguo, akanusa kola, akanusa makwapa.

"Dada," akaita, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mkaa una vitundu visivyoonekana kwa macho, nao hunasa harufu bila kuuliza ni ya nani. Lakini nilikumbuka pia kwamba ukipashwa moto huachia ulichonasa. Nikafungua dirisha, nikawasha jiko, nikapanga vile vipande kwenye kikaango, nikainama.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Namtafuta."

Nilidhani atanicheka, au atakimbia kuita watu. Akaja akainama upande wa pili, vichwa vyetu karibu vigongane. Kwanza ulitoka mvuke, wenye harufu ya unyevu, ya nyumba yetu wakati wa mvua. Tukasubiri. Nilifumba macho ili nisikose hata chembe. Nilipoyafumbua, pembe ya kipande kimoja ilikuwa imekuwa nyekundu, kingine kinafuata, na chumba kizima kinanuka moto.

"Zima," akasema. "Zima, tafadhali. Hayupo."

Nikazima.

Siku hizi ovaroli anaivaa yeye kazini. Ikichafuka, inafuliwa.