Siku Tisa za Letisia

Hilda, binti yetu wa kwanza, alipiga simu Jumapili baada ya misa, akasema tunakwenda baharini. Si kuitazama tu. Tutapanda meli, familia nzima, siku tisa: Unguja, Pemba, Mafia, na visiwa vidogo ambavyo hata mimi niliyezunguka sana sijui majina yake. Mume wake ameshalipia vyumba. Mama anatimiza miaka sabini, na wanataka aitimize akiwa juu ya maji.

Letisia, mke wangu, aliishika simu mbali na sikio kama kitu cha moto.

"Tunalala humo humo melini?"

"Humo humo, mama. Kuna vitanda, kuna bafu, kuna kila kitu."

"Na ikizama?"

"Baba yupo. Baba anajua kuogelea."

"Baba yako," alisema Letisia akinitazama, "anajua kuondoka."

Tulicheka wote, hata mimi. Ningefanya nini, na ilikuwa kweli. Tangu tuoane nimekata mkonge Korogwe, nimechimba Mererani, nimeangua nazi Mafia miaka miwili. Narudi Endasak, nakaa msimu mmoja wa mahindi, miguu inaanza kuwasha. Hata shule nilisoma hivyo hivyo, mwaka mmoja Daudi, mwaka mmoja Dongobesh, mwingine sikusoma kabisa. Letisia yeye amevuka Babati mara moja tu maishani, kumpeleka mtoto hospitali.

Kwa hiyo nilitaka safari hii kuliko nilivyowahi kutaka nyingine. Vitu vyote nilivyoona, niliviona peke yangu. Safari hii nilitaka nigeuke pembeni nimkute yeye, nimwambie, ona kile.

Naye alianza kuitaka, pole pole. Alikwenda Katesh dukani kwa Shamsia kununua ndala na kanga mpya.

"Shikamoo mama," Shamsia alimwambia. "Nasikia unakwenda kula pweza. Hilo sweta liache nyumbani, huko ni joto la kupika ugali bila moto."

"Marahaba. Joto la watu wengine siliamini," Letisia alijibu, na sweta likaingia kwenye begi. Ndala alizijaribu jikoni, akatembea kutoka kwenye mafiga mpaka mlangoni, akarudi, akifikiri simwoni.

Lilibaki jambo moja. Ana ng'ombe mwekundu aliyekuwa amezaa wiki tatu nyuma. Uzao wake unatoka kwa ng'ombe aliyepewa na mama yake alipoolewa. Kila nikigusa habari ya kuondoka ananiuliza, "Na mwekundu nani atamkamua?" Mimi namjibu, "Hilo niachie."

Hapo ndipo nilipoharibu. Jumatano alipokwenda kwenye jumuiya, nilimfungua ng'ombe na ndama wake, nikawaswaga mpaka Gehandu kwa Gidahosh, rafiki yangu tangu machimboni. Nikamkabidhi kamba mbele ya wazee wawili wa jirani, tukanywa pamoja, nikarudi kwa pikipiki nikijiona mtu wa maana.

Letisia nilimkuta anapepeta maharage. Nikamweleza. Ungo ukasimama.

"Ulimwambia ni siku tisa?"

Sikuwa nimesema. Mwanaume akipeleka ng'ombe kwa rafiki, akatoa kamba mbele ya wazee, huwa hataji siku. Rafiki anamlea, anakunywa maziwa, na ng'ombe anakaa huko miaka, pengine mpaka wajukuu wa ndama. Kumdai mapema ni kumtukana mlezi. Ni kusema mbele za watu kwamba anamshindisha njaa au kwamba ni mwizi. Mimi yote hayo nayajua tangu mtoto. Nilikuwa na haraka ya kuondoka tu, kama kawaida yangu.

"Basi siendi," alisema Letisia.

"Mama Hilda..."

"Sijakasirika. Nakuambia tu siendi. Watoto walikunywa maziwa ya mama yake yule, na ya bibi yake, siku ambazo wewe hupo. Siwezi kwenda kustarehe huku nyuma zizi limekuwa tupu."

Aliingia ndani akatoa ndala kwenye begi. Akazivaa, akaenda nazo shambani kwenye matope. Hapo nikajua amemaliza.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Gehandu. Gidahosh alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga fimbo.

"Mzee wa safari! Umekuja kumsalimia ng'ombe wako?"

"Nimekuja kumwomba."

Kisu kilisimama. "Jana umeleta, leo unachukua. Watu watasema nimemkamua mpaka damu."

"Kosa ni langu. Ng'ombe ni wa mke wangu, sikumuuliza."

"Hilo la mke wako mimi nalielewa. Wale wazee wawili hawatalielewa. Nipe sababu ninayoweza kumwambia mtu njiani."

Nilifikiri. Sababu ni moja tu ambayo hakuna anayeibishia, nayo ni kwamba nyumbani amepatikana wa kumtunza. Mwenye ng'ombe alikuwa hana mtu, sasa anaye. Hakuna anayetukanwa hapo.

"Waambie kwangu kuna mtu sasa."

"Nani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akafuta macho. Mke wake akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Hhando anasema atakaa nyumbani!" Naye akacheka. Niliwasubiri wamalize. Gidahosh aliponitazama vizuri, kicheko kikamwishia.

"Si ulisema unakwenda na meli?"

"Anakwenda yeye."

Akarudi kuchonga fimbo yake. "Haya. Sababu hiyo nitaisema. Lakini nikisikia umeondoka tena, nakuja mwenyewe kumchukua. Na safari hiyo sirudishi."

Nilifika Endasak jioni, ng'ombe mbele, ndama nyuma yake, mimi nikichechemea mwishoni. Letisia alimpapasa ng'ombe kwanza, mgongo, kiwele, masikio. Kisha akaniuliza nilitoa sababu gani. Nikamwambia.

"Na meli yako?"

"Nimeshapanda meli."

"Umepanda na magunia ya mbata, si na wanao." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hukusema unataka twende wote?"

"Nataka mpaka sasa. Lakini mmoja akae, na zamu zako zimeisha."

Alichota maji akaniwekea nioshe miguu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu tukiwa vijana.

Hilda aliposikia alilia kwenye simu, akataka atafutwe mtu wa kulipwa, baba aje. Letisia ndiye aliyemjibu: "Mwache. Anajifunza kazi."

Nilijifunza kweli. Siku ya kwanza mwekundu alinipiga teke la goti, maziwa yakaenda ardhini. Letisia alinifunga kanga yake ya zamani mabegani ili ng'ombe asikie harufu anayoijua. "Weka paji la uso kwenye ubavu wake. Usivute, bana. Sema naye."

"Niseme nini?"

"Maneno umekosa leo? Mwambie habari za bahari, na mimi nisikie."

Basi nikawa nasema, paji likiwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Kwamba maji yale yana chumvi mpaka kwenye nyusi. Kwamba siku ya kwanza atatapika, asione aibu, akae katikati ya meli na atazame mbali. Kwamba karibu na kisiwa maji yanakuwa kijani kama majani ya mahindi machanga, na ukiinama unaona chini. Letisia aliuliza kama kuna mahali huoni nchi kavu upande wowote. Nikamwambia papo. Akasema hapo ndipo anapotaka kusimama. Kufikia wiki ya pili ndoo ilikuwa inajaa.

Asubuhi ya kuondoka, Evarist mwanetu alikuja kumchukua. Tulisimama barabarani Endasak tukisubiri basi. Letisia alikuwa amevaa kanga mpya na sweta juu yake, ndala zimesuguliwa mpaka zikawa nyeupe tena. Basi lilipotokea kwenye kona alinishika mkono, akaniuliza haraka haraka, kama anauliza bei ya kitu.

"Nikupigie saa ngapi?"

"Saa moja, nikimaliza kukamua."

"Ya asubuhi au ya jioni?"

"Zote mbili," nikamwambia. "Piga zote mbili."