Banda la Mlango wa Kijani

Mke wa fundi seremala aliwaita kuku kwa mlio wake wa kila asubuhi, nao wakashuka ngazi mmoja mmoja, maana banda lile lilikuwa na ngazi. Lilikuwa pia na kibaraza mbele, dirisha la vioo viwili na mlango wa kijani wenye komeo la shaba. Fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chai ya rangi mkononi, akitazama. Tangu karakana alikofanya kazi ifungwe hakuwa na kazi nyingine ya kutazama.

Karibu kila kitu alicholijengea kilikuwa cha kuokota. Mbao zilitoka kwenye makreti ya mizigo. Dirisha lilikuwa la kabati lililokufa. Bati la paa lilikuwa bango la zamani, na ukiinama kuangalia mayai ungemwona mwanamke wa tangazo la sabuni akikuchekea kichwa chini. Hata ile kijani ilikuwa masalia ya mikebe tofauti ya rangi, aliyoyakoroga mpaka ikaja. Alichonunua ni saruji kidogo tu ya kusimikia nguzo, na hapo mkewe alimgombeza.

“Kuku na saruji wapi na wapi, baba watoto?”

“Nguzo ikikaa kwenye udongo mtupu inaliwa na mchwa. Mimi silipui kazi, mama.”

Mtaani walimwita Pimamaji. Hakuweza kuona kitu kimekaa upande, hata rafu ya muuza duka, bila kuchomoa pima maji yake mfukoni na kukinyoosha, atake mwenyewe asitake. Miaka yote ya ndoa alimwahidi mkewe nyumba. Walihama chumba hadi chumba, na kila chumba alisema ndicho cha mwisho. Alitengeneza vitanda vya maharusi wa watu na majeneza ya wafu wa watu, na kwake kiti kilisimama kwa miguu mitatu na tofali. Banda hili ndilo kitu cha kwanza alichomkamilishia. Siku rangi ilipokauka, mkewe aliufungua ule mlango, akaufunga, akaufungua tena.

“Na dirisha linatazama jua,” alisema kwa sauti ndogo.

Chumba chao hakikuwa na dirisha. Fundi alijifanya anatafuta msumari.

Kuku wa mwisho alikuwa bado ngazini bwana afya wa manispaa alipoingia uani, mwenye nyumba akimfuata nyuma.

“Hodi wenyewe. Na hili ni nini?”

“Banda la kuku, mheshimiwa.”

“Banda!” Alilizunguka polepole, akapitisha kidole kwenye komeo. Pembeni yake banda la jirani yao dobi, kreti lililofunikwa magunia, lilikuwa linanuka. Hakuligeukia hata kidogo. “Kuku hatukatazi. Ila likiwa jengo, lazima kibali. Hebu niambie, fundi, hili linahamishika?”

Mkewe alimkanyaga fundi mguu. Alikuwa amekwisha kuelewa. Lakini mtu ameulizia kazi ya Pimamaji, na masikio ya Pimamaji hayakusikia tena kitu kingine.

“Lihamishike? Lisukume, mheshimiwa! Nguzo zimekwenda chini mkono mzima, na saruji juu yake. Hata ng'ombe haliyumbishi.”

Bwana afya alilisukuma kwa mikono miwili. Halikuyumba. Fundi alitabasamu, maskini.

“Basi ni jengo,” alisema bwana afya.

Mwenye nyumba alitazama viatu vyake. “Mimi sitaki matatizo na manispaa.”

“Matatizo ya nini? Sisi watu wazima.” Bwana afya alishusha sauti. “Jioni gari langu litapita hapa. Kuku wangu hawana pa kulala. Vijana watalichimbua lije zima, na habari ya kibali iishie hapo. Hamtaki, mtavunja, na faini juu. Mikono yako ina baraka, fundi.”

Walipoondoka, fundi alirudi kwenye ndoo yake. Alingoja mkewe afoke.

“Leta msumeno,” alisema mkewe.

“Tukimpa yameisha, mama.”

“Kuku wake walale humo? Uliniambia hii ndiyo nyumba yangu.”

“Ni yako.”

“Basi kata.”

Alianza na komeo, akilifungua taratibu, skrubu moja moja, kwa mazoea tu. Kisha akalala kifudifudi na kuzikata nguzo karibu na ardhi. Zilikuwa ngumu. Alikuwa amechagua mbao nzuri, na sasa alijilaani kwa kila mbao nzuri aliyoichagua. Nguzo ya tatu ilipoachia, banda lilipinda, kioo kikalia, mwanamke wa sabuni akaanguka chali. Mkewe alikusanya vipande macho makavu mpaka alipoushika mlango wa kijani. Hapo akaketi chini na kulia kama mtu aliyefiwa. Dobi alileta kreti na magunia bila kuombwa, wakawapangia kuku banda kama lake.

Jioni gari lilikuja, na vijana wawili wenye majembe.

“Liko wapi?” aliuliza bwana afya.

“Hili hapa, mheshimiwa,” alisema mkewe, akalisukuma kwa mguu lile kreti la magunia, kuku wakapiga kelele ndani. “Linahamishika.”

Bwana afya alilitazama kreti, akatazama lile la dobi. Hapakuwa na sheria iliyogombana na kitu kibaya kama kile. Aliwaita vijana wake, wakaondoka.

Usiku ule mlango wa kijani ulilala chumbani, umeegemezwa ukutani.

Asubuhi mkewe aliwaita kuku kwa mlio uleule, lakini hapakuwa na ngazi ya kushuka. Alifagia ua, na ufagio ulipofika kwenye visiki vinne vilivyosimama imara ndani ya saruji, alivizunguka. Fundi alikuwa kwenye ndoo yake. Banda la magunia lilikuwa limelalia upande wa kushoto, wazi kabisa, hata mtoto angeliona. Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukaigusa pima maji, ukarudi mtupu.