Ua Likipotea

Fundi Maua, mshona nguo, alikuwa na ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Mwanawe alipomleta nyumbani mke anayetumia asubuhi nzima kumenya viazi, Fundi alimpachika jina siku hiyohiyo: Taratibu. Binti wa watu alicheka tu, akaendelea kumenya. Alikuwa fundi wa kompyuta chuoni, na huko nako, walisema wenzake, hakujua kukimbia.

Sasa kompyuta ya dukani kwa Fundi ilikuwa imechoka. Windows iliamka kwa kujikokota, na kufungua picha moja ya mteja kulimpa mtu muda wa kupiga pasi gauni zima. Kuiondoa Windows hakukuwezekana. Programu inayoiambia mashine ya kudarizi sindano ipite wapi iliishi humo tu, pamoja na maua yote aliyoyachora Fundi enzi macho yake yakiwa mazima. Siku hizi macho yalikuwa na ukungu. Ua likipotea, hakuna wa kulichora tena.

"Basi tusiiondoe, Mama," Taratibu alisema. "Tuiwekee mfumo mwingine jirani. Windows chumba kile, Linux chumba hiki, kwa kazi nyingine zote. Ukiwasha unachagua pa kuingia."

"Na huyo jirani hatamla mwenzake?"

"Nitapima ukuta kabla sijajenga."

Alikuja na flashi kadhaa, kila moja ina Linux ya aina yake, zote za wanaoanza. Fundi alitegemea kuambiwa ipi ni nzuri. Mkwewe akachomeka ya kwanza, kompyuta ikawaka kutoka kwenye flashi yenyewe.

"Jaribu kwanza, Mama. Bado hatujaiweka ndani. Ikikubana, tunaivua."

Fundi aliangua kicheko. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe kwa wateja, akishawavisha nguo iliyoshikizwa kwa uzi mweupe. Basi naye akawa mteja msumbufu kweli kweli. Ubuntu, ile ya kwanza, ilimpendeza, lakini vitufe vyake vilikaa ubavuni na mkono wake ukawa unapotea. Iliyofuata ilimetameta, ila kompyuta ile kongwe ilihema kuibeba. Ilipofunguka ile iitwayo Mint, menyu ikawa chini kushoto, palepale alipopazoea.

"Hiihii! Wala sihitaji kujifunza."

Taratibu alisita. "Inafanana sana na ile ya zamani, Mama."

"Ndiyo raha yenyewe!"

Kazi ilipoanza, Fundi aliacha cherehani akaja kutazama. Mkwewe alisoma kila swali mpaka mwisho kabla ya kubonyeza. Alipunguza nafasi ya Windows kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza kiuno cha gauni lililokwisha shonwa. Fundi alitamani angekuwa mwanafunzi wake. Hakumwambia, kwa kuwa alishazoea kumtania.

Kisha ikaja siku ya bibi harusi. Fundi aliwasha kompyuta, akaenda kumpima binti mabega. Nyuma yake majina mawili, Linux na Windows, yalitokea kwenye kioo, yakasubiri, na kwa kuwa hakuna aliyechagua, Linux ikafunguka yenyewe. Aliporudi aliiona menyu palepale pa siku zote. Akaitafuta programu, haipo. Akayatafuta maua, hakuna hata moja. Akashika simu, akampigia mkwewe.

"Umenifutia maua yangu! Ningejua, nisingekupa kiti humu ndani!"

"Nakuja, Mama. Usiguse kitu."

Taratibu aliingia akihema, jasho linamtiririka, maana safari hii alikuwa amekimbia. Alizima, akawasha, akangoja yale majina mawili, akashuka mpaka kwenye Windows. Maua yakajipanga kwenye kioo, hadi lile la kwanza kabisa lenye petali iliyopinda. Kisha akaweka flashi mezani.

"Na nakala ni hizi. Nilizitoa kabla sijagusa chochote, nikafungua ua mojamoja nihakikishe. Nilikosea kutokwambia."

Fundi Maua alilia mbele ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutukana."

"Yameisha, Mama. Vyumba vinafanana. Mimi mwenyewe niliona."

Fundi alijifuta macho, na mara akili ya kazi ikamrudia. Kitambaa ambacho nje na ndani hufanana, kila fundi hukitia msalaba wa chaki upande wa ndani, asije akashona kinyume. Akatandaza kipande cheusi mezani, akachora msalaba mkubwa mweupe, akakipiga picha kwa simu.

"Hii iwe picha ya ukutani ya chumba kimoja. Nikiiona tu, najua niko wapi."

"Chumba kipi, Mama? Windows?"

"Hapana. Weka kwenye hiki chako."

Taratibu akacheka. "Kumbe mimi ndiye upande wa ndani?"

"Upande wa ndani ndio unaogusa mwili," alisema Fundi. Akavuta kiti cha cherehani, ambacho hata mwanawe hakuwahi kukikalia, akamkalisha mkwewe. Bibi harusi alisubiri amesimama, pini zikiwa bado mabegani.