Barua Zilizogonga Mlango wa Proksi

Hospitali nzima ilimwita Dada Waya, na yeye alishazoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi hageuki. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa mtandao pale. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka. Rafu za mbao zilibaki vilevile, ila sasa zilibeba seva mbili, betri zake, na chini ya kiyoyozi kibovu palikuwa na beseni la plastiki ambalo alimwaga maji yake kila asubuhi. Mdogo wake alifanya kazi jengo la pili, maabara. Alikuwa kitinda mimba wao, kwa hiyo nyumbani na kazini akabaki kuwa Kitinda, ingawa alikuwa na miaka thelathini na mitano na kipara kilishaanza kumpigia hodi.

Mwaka ule wahuni wa mtandaoni waliiandama sana barua pepe ya hospitali. Kutwa kucha walijaribu pasiwedi za madaktari kwenye ukurasa wa kusomea barua, mpaka seva ikawa inahema. Mkuu wa kitengo, mwanamume mwenye shati lililonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi, akaamua wajiunge na huduma ya proksi. Hiyo ilikuwa kampuni ya kukaa katikati kama bawabu: kila anayetoka nje kuja kwenye ukurasa wa barua apitie kwao kwanza, akaguliwe, ndipo aruhusiwe.

"Kazi ya nusu siku hiyo," Mkuu alisema.

"Ya siku mbili, Mkuu. Kubadilisha ni dakika tano. Kupima ndiko kunakokula muda."

Hakuwa anajidai. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina la ukurasa, kompyuta huuliza daftari la majina, ambalo mafundi huliita DNS, jina hilo lina namba gani. Hospitali ilihitaji madaftari mawili. La ndani liziambie kompyuta za wodini na maofisini ziende moja kwa moja kwenye seva, si iko hapo hapo stoo? La nje liiambie dunia yote iende kwa bawabu. Hilo Dada Waya angelifanya amefumba macho. Kilichomkosesha raha kilikuwa hatua ya saba kwenye orodha aliyoiandika kwa mkono na kuibandika ukutani: barua zenyewe zinazotumwa kutoka nje. Bawabu yule alijua kupitisha watu wanaofungua kurasa tu. Barua zinazoletwa na seva nyingine hakuzipokea. Na siku zote barua hizo zilielekezwa kwenye jina lile lile la ukurasa. Ilibidi zipewe jina lao jingine, lisilopita kwa bawabu.

Alhamisi mchana akaanza kazi, Mkuu amesimama nyuma yake anaangalia saa, maana alishamwahidi Mkurugenzi kwamba saa tisa watatangaza mbele ya wakuu wote wa idara. Dada Waya akabadilisha daftari la ndani, akabadilisha la nje. Akafungua ukurasa kwenye kompyuta ya mezani, ukafunguka. Akazima mtandao wa hospitali kwenye simu yake, akatumia bando lake mwenyewe. Ukafunguka, tena upesi kuliko zamani. Mkuu akapiga makofi.

"Hatua ya saba bado," Dada Waya akasema.

"Ukurasa si umefunguka? Twende bwana, watu wanasubiri. Utamalizia ukirudi."

Mkutano ulivuta mpaka saa kumi na moja. Alipotoka alikuwa na njaa, miguu inamuuma, na kesho yake ilikuwa sikukuu. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Hakuna aliyemzuia kurudi stoo. Alisahau tu.

Jumatatu na Jumanne mambo yalikwenda kama kawaida. Madaktari waliandikiana, wauguzi waliandikiana, barua za kwenda nje zilitoka. Mhasibu alimsimamisha koridoni akamshika mkono kwa mikono miwili. "Dada Waya, Mungu akuzidishie! Tangu wiki iliyopita sijaona hata tangazo moja la dawa za nguvu za kiume!" Wote wawili wakacheka. Dada Waya ndiye aliyepaswa kushtuka, maana mtu asiyeletewa hata takataka huenda hana mlango. Lakini sifa ni tamu, akazipokea akaendelea na safari.

Jumatano asubuhi mtunza dawa akampigia simu kulalamika kwamba wanaowauzia vifaa wanasema barua zao zinarudi. Dada Waya akaitazama orodha ukutani. Hatua ya saba ilikuwa bado. Akaketi, akatengeneza jina jipya la kupokelea barua, akalielekeza kwenye seva bila kupitia kwa bawabu. Dakika nne. Baada ya robo saa barua zikaanza kumiminika, zile ambazo seva za watu zilikuwa bado zinavumilia kuzijaribu. Zilizochoka kujaribu hazikuja, na hazingekuja tena.

Saa sita Kitinda akaingia stoo bila kubisha, koti lake la maabara halijafungwa vifungo, simu mkononi.

"Dada, soma hapa."

Ilikuwa barua ya chuo cha ng'ambo alikoomba, kwa anwani yake ya barua pepe ya hospitali, mafunzo ya miaka miwili ya kupima magonjwa ya damu. Mwaka huu ulikuwa wa tatu kuomba, na wa mwisho, kwani hawachukui waliozidi miaka thelathini na mitano. *Kwa kuwa hukujibu barua yetu ya Ijumaa iliyokutaka uthibitishe kabla ya Jumatatu jioni, nafasi yako tumempa anayefuata.*

"Barua gani ya Ijumaa?" Kitinda akauliza. "Mimi nafungua kila saa. Mama ni shahidi, hata mezani nafungua, ananigombeza. Wewe ndiye mwenye mambo haya. Imekwenda wapi?"

"Kulikuwa na tatizo," akasema. "Barua za kutoka nje zilikuwa haziingii."

"Tatizo la nani?"

Mkuu alikuwa amefika mlangoni. "La kampuni ya proksi," akadakia. "Tunawafuatilia. Pole sana, ndugu yangu."

Kitinda akamgeukia dada yake, kama mtu anayesubiri daktari wa pili aseme. Dada Waya akainama, akasogeza beseni kwa mguu, ingawa lilikuwa mahali pake.

"Basi niandikieni," Kitinda akasema. "Barua ya hospitali tu, kwamba kosa halikuwa langu. Huenda wakanifikiria."

"Tutaona," Mkuu akasema.

Kitinda alipoondoka, Mkuu alifunga mlango. "Sikiliza. Tukiandika kwamba kosa ni la kampuni, watatoa kumbukumbu zao na tutaumbuka. Tukiandika kwamba ni letu, Mkurugenzi atauliza ni nani. Acha lipoe."

"Ni mdogo wangu, Mkuu."

"Na hii ni kazi yako."

Akaacha lipoe. Siku ile akarudi nyumbani, akamkuta Mama yao, anayeishi naye, akinung'unika juu ya watu wa ng'ambo wasio na huruma. Akanyamaza. Alhamisi akanyamaza. Akawa anajiambia kwamba hata akisema, nafasi imeshakwenda, na yeye naye akipoteza kazi, Mama atakula nini?

Ijumaa alasiri uvumilivu ukamwishia. Akakiandikia chuo mwenyewe: siku, saa, alichobadilisha, alichosahau, na akaambatisha kumbukumbu za seva. Hakumtaja Mkuu. Akampelekea asome kabla ya kutuma, kwa heshima tu.

"Ukituma hii, unaumwaga unga wako kwa mkono wako," Mkuu akasema.

"Ni unga wangu."

Akatuma, na nakala kwa Kitinda, kwa kuwa maombi yalikuwa yake.

Jumatatu jibu likaja kwao wote wawili, nalo lilikuwa la kistaarabu. Chuo kilishukuru kwa ukweli wake na kikakubali kwamba mwombaji hakuwa na kosa. Lakini aliyefuata alikuwa amethibitisha Ijumaa asubuhi na kutia sahihi. *Laiti maelezo haya yangetufikia Alhamisi, tungeweza kumrudishia nafasi.*

Dada Waya aliisoma sentensi hiyo mara nyingi mpaka herufi zikaanza kucheza. Hakuwa amemaliza alipomwona Kitinda mlangoni. Safari hii vifungo vya koti vilifungwa vyote.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai. Kusahau, hata mimi nasahau. Juzi nimeacha sampuli za watu kwenye joto zikaharibika. Hilo ningelisamehe kabla ya jua kuzama. Lakini Jumatano nilisimama hapa hapa nikakuuliza, ukanitazama ukasogeza beseni." "Siku mbili, Dada. Ungesema ile Jumatano, leo ningekuwa natafuta sanduku."

"Niliogopa."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyelipia."

Mwisho wa mwezi mkataba wa Dada Waya haukuongezwa. Taarifa iliyosainiwa na Mkuu ilisema *uzembe wa fundi*, na wiki chache baadaye Mkuu huyo huyo akapewa cheti cha pongezi kwa kuilinda barua pepe ya hospitali, kikatundikwa kwenye ukuta wa mapokezi, kioo na fremu. Dada Waya akapata kibarua kwenye duka la kutoa fotokopi, anatengeneza printa zilizokwama karatasi.

Mama hakukubali wanawe wawili wapishane kama watu wa soko. Kila Jumapili alimwita Kitinda kula mchana, na Kitinda alikuja, kwa ajili ya Mama. Aliwaketisha wakitazamana, akawakumbusha walivyolala kitanda kimoja udogoni na nani alimbeba nani mgongoni.

"Dada yako alikosa, akakiri mwenyewe," Mama akasema Jumapili moja. "Wangapi wanakiri?"

Kitinda akaonja mchuzi, akaweka kijiko chini. Kibakuli cha chumvi kilikuwa mbele ya dada yake, kwenye urefu wa mkono tu.

"Mama," akasema, "mwambie huyo anisogezee chumvi."

Dada Waya akakisukuma kibakuli mpaka kikafika kwake. Kitinda akachota, akakoroga, akala bila kuinua macho.