Mkamelia wa Ukingoni

Jana ufa ulikuwa wa kuingia kidole. Asubuhi hii Zunilda alipiga magoti kwenye majani yenye baridi, akaingiza kiganja kizima, na huko chini akahisi upepo unampuliza. Upepo, ndani ya ardhi! Aliuchomoa mkono mbio kama aliyeusahau kinywani mwa mbwa.

"Umepanuka?" Yasna aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunga shali ya mama yake, tumbo la miezi saba limetangulia mbele, kikombe cha chai kinafuka mkononi.

"Kidogo tu."

"Mama, wewe na kidogo tu yako. Hata nyumba ikienda na maji utasema imesogea kidogo tu."

"Rudi ndani, baridi hiyo."

Ufa ulikata bustani kutoka ua wa huku mpaka ua wa kule. Ng'ambo yake kulibaki ukanda wa udongo wa hatua mbili, kisha hakuna kitu: genge, na chini ya genge mto uliojaa mvua za majira yote ya baridi. Mto ule hauna adabu. Mwaka wa kwanza ulichukua banda la kuku, uliofuata ukachukua mitofaa, kisha matuta ya viazi, na sasa ulikuwa umefika kwenye mkamelia, kichaka kirefu kuliko mtu, kilichosimama huku kwenye ukingo wa ufa na maua yake mekundu kana kwamba hakina habari.

Ilikuwa tarehe ya mwisho ya Agosti. Wazee wa pande zile za kusini mwa Chile husema ukiuvuka Agosti umeuvuka mwaka, na mtu mwenye akili hajisifu, hataji kifo wala haanzi jambo kubwa kabla mwezi huo haujaondoka. Zunilda angependa kungoja kesho. Lakini redio ilitangaza mvua kubwa jioni, na mwezi mwandamo ulikuwa karibu. Miti huhamishwa mwezi ukipungua, kabla utomvu haujapanda. Ama leo, ama mto.

Kichaka kingine chochote angekiacha kiende. Huu mkamelia hakuthubutu. Miaka ishirini na tisa iliyopita alimzaa Yasna katika chumba kile chenye dirisha la kuelekea mtoni, na mkunga alitia kondo na kitovu katika chungu cha udongo, akamkabidhi. Zunilda alikifukia kwa mikono yake, akapanda juu yake mche wa mkamelia uliokuwa na majani sita. "Mti ukistawi, mtoto naye atastawi," mkunga alisema. Nusu ya pili ya maneno hayo hakuitamka, maana kila mtu aliijua.

Na Zunilda aliishuhudia. Miaka minne nyuma ng'ombe wa jirani alivunja ua akautafuna mkamelia nusu nzima. Mwezi huohuo Yasna, kule mjini Osorno, aliharibikiwa mimba ya kwanza. Mwaka juzi sakitu, ile barafu ya alfajiri, iliunguza machipukizi yote. Mimba ya pili nayo ikatoka. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani? Yasna alikuwa mhudumu wa duka la dawa, mwenye kucheka mambo ya wazee. Sasa daktari alikuwa amemwamuru apumzike, akaja kupumzikia kwa mama yake, na mama mtu alikuwa hapati usingizi.

Saa tatu hivi mzee Eleodoro, jirani wa ng'ambo ya barabara, alifika na maksai wake wawili wakiburuza chano cha mbao kisicho na magurudumu.

"Hodi hapa! Jirani, bado uko juu ya ardhi au umeshashuka na mto?"

"Karibu, mzee. Nipo."

"Wenzio wanaziba nyufa, wewe unazipigia magoti!"

Yasna alicheka mpaka akashika kiuno. Zunilda hakucheka. Alikuwa amekwisha kuyafunga matawi kwa kamba ili yasivunjike, na kufunga kitambaa kwenye tawi la kaskazini, upande unaopigwa na jua kutwa, ili mti usimame kulekule ulikozoea. Lilibaki jambo moja alilokuwa akilikwepa tangu alfajiri: kuyachuma maua na vitumba vyote, maana mti unaohamishwa hauwezi kulisha mizizi na maua kwa wakati mmoja. Alikinyanyua kitumba kimoja kwa vidole, kinene, kimefumba. Akakiachia.

"Lete nikusaidie," Yasna alisema. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kuvivunja, pu, pu, pu, akivitupa ndani ya aproni yake kama anayechambua maharage. Zunilda alikihesabu kila kilichokatika.

"Taratibu, mwanangu."

"Ni vitumba tu, Mama."

"Nimesema taratibu!"

Yasna alimtazama, akaendelea taratibu.

Walichimba. Pande tatu zilikwenda vizuri. Zunilda alishika sepetu kama alivyofundishwa na baba yake, mgongo wa sepetu ukielekea shina, akikandamiza kwa kisigino mpaka mzizi ukatike kwa mkato mmoja safi, maana mzizi uliochanika huoza. Mzee Eleodoro alizungushia magunia bonge la udongo. Jua lilipofika juu ulibaki upande wa nne, na kuufikia ilibidi mtu avuke ufa.

"Mimi na nyonga hii nitauangusha ukanda mzima," mzee alisema.

"Nitakwenda mimi."

Mzee alimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye nira. "Ukiteleza, maksai watakuvuta."

"Na maksai wakishtuka?"

"Basi tutawafanyia matanga ya pamoja."

"Mzee Eleodoro, huu ni Agosti!"

"Samahani, jirani. Mdomo wangu huu utaniua."

Alivuka. Hatua ilikuwa fupi, mtoto angeiruka, lakini alitua kwa ncha za vidole kama anayeogopa kuliamsha genge. Chini mto uliguna. Hakutazama. Alichimba kwa vipande vidogo, akishika pumzi, na katika pigo la kumi au la kumi na mbili sepetu iligonga kitu kigumu. Aliitupa sepetu, akalala kifudifudi, akachimbua kwa kucha.

Kilikuwa chungu. Kilikuwa upande huu, upande wa mto, ndani ya ule ukanda wa hatua mbili. Ardhi ilipopasuka, ufa ulikuwa umepita katikati ya mti na chungu chake. Mizizi ilivuka ufa ikiwa imekaza, mitatu minene kama vidole gumba, ikaingia kwenye mdomo wa chungu na kukijaza chote, hata huwezi kujua chungu kinaishia wapi.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Dakika moja."

Alijaribu kukitikisa. Hakikutikisika. Akaanza kukizunguka kwa vidole, udongo baridi ukimjaa kuchani, na ndipo ukanda ukashuka. Haukuanguka, ulishuka upana wa kidole, kimyakimya, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Mabonge yalimeguka nyuma ya miguu yake, na ikapita muda kabla hajasikia yakigonga maji.

"Toka!" mzee alipiga kelele. "Kata mizizi utoke!"

"Sikati!"

"Mama!" Yasna alikuwa amesimama, vitumba vimemwagika miguuni. "Mama, toka hapo! Ni mti tu!"

"Siyo mti!" Sauti ilimtoka Zunilda kwa namna asiyoijua. "Ni wewe! Kitovu chako kimo humu, na kila mti huu unapoguswa wewe unapoteza mtoto! Ng'ombe alipoula, ulipoteza. Sakitu ilipouchoma, ulipoteza. Nikiukata kwa mkono wangu mwenyewe, nitakuja kukutazamaje?"

Mzee Eleodoro aliinamisha kichwa. Ng'ombe yule alikuwa wake.

"Kumbe ndiyo yamekuwa moyoni mwako miaka yote hii," Yasna alisema. Hakucheka. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye ufa.

"Rudi!"

"Kama ni mimi niliyemo humo, acha nije nijitoe mwenyewe."

"Yasna, rudi, ardhi haitatubeba! Mzee, mshike!"

Mzee alikuwa na maksai wawili wanaorusha vichwa, na mikono yake ilikuwa miwili tu. Yasna alikuja, mkono mmoja chini ya tumbo, akaweka mguu ukingoni, na Zunilda aliona ukingo ukilegea kidogo chini ya kiatu cha mwanawe. Hapo hofu moja iliimeza nyingine. Alichomoa kisu kiunoni akakata mzizi wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwenye mdomo kabisa wa chungu, akaruka, akamkumba Yasna kwa mabega yake, wote wawili wakarudi nyuma, wakaketi chini kwenye vitumba.

Zunilda alikuwa akimpapasa mwanawe magoti, mikono, uso, akimwachia alama za udongo kila alipomgusa.

"Niko mzima, Mama. Niko mzima. Unanichafua tu."

Maksai walivuta. Mkamelia uliteleza juu ya chano, ukapita bustani nzima ukitingishika kama bibi mzee aliyebebwa machela, mpaka kwenye shimo lililochimbwa jana kando ya banda la kuni. Waliupanda juujuu, maana mkamelia uliozikwa shingo hufa; wakageuza kitambaa kikaelekea kaskazini; wakamwaga maji ndoo nne. Majani yalikuwa ya kijani yakimeta. Hilo halikumfariji Zunilda. Mkamelia unaweza kufa leo ukabaki kijani mpaka Novemba.

Walipokuwa wakikanyagia udongo, walisikia nyuma yao mshindo mzito usio na haraka, kama mtu aliyetua gunia la viazi. Mzee Eleodoro aligeuka akatazama, akavua kofia. Zunilda hakugeuka.

"Anacheza?" alimuuliza Yasna.

"Nani?"

"Mtoto. Anacheza?"

Yasna alichelewa kujibu. "Amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu mchana. Mama, usinitazame hivyo. Watoto hulala."

Jikoni, Zunilda alichochea jiko la kuni, akampa maziwa ya moto yenye asali, akamlaza kwa ubavu wa kushoto kwenye benchi. Mvua ilianza, nyembamba. Alikaa sakafuni kando yake, mikono mapajani, akiogopa hata kuinyanyua. Aliomba kwa watakatifu wote aliowakumbuka, na alipoishiwa majina akamwomba mkunga, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Maziwa yaliisha. Mzee Eleodoro aliaga kwa sauti ya chini akaenda zake. Kuni zilizobaki zilikuwa mbili, kisha moja.

"Aa," Yasna alisema ghafla.

"Nini?"

"Amenipiga. Huyo tena! Mama, weka mkono. Huyu mtoto ana teke la punda."

Zunilda aliweka mkono, na teke lilimjia kiganjani. Alilia wazi, kwa kwikwi, bila kujificha, na Yasna alimwacha alie.

Baadaye, akiwa amefumba macho, karibu kusinzia, Yasna aliuliza, "Mama, hospitali siku hizi ukiomba wanakupa kondo na kitovu. Kitovu cha huyu tutakizika wapi?"

Zunilda aliinuka kutoka sakafuni. Alijitanda koti, akatoka. Bado kulikuwa na mwanga kidogo. Kutoka mlangoni mpaka ukingo mpya alihesabu hatua kumi na nne. Aliupa mto mgongo, akapita banda la kuni, akapita lango, akavuka barabara ya kokoto na kuanza kuupanda mlima wa malisho, na kila baada ya hatua chache alisimama, akakanyaga kwa kisigino, akasikiliza, akaendelea.

"Mama!" Yasna aliita kutoka mlangoni. "Mbali sana huko!"

"Bado," alijibu, akapiga hatua nyingine.