Fuwele ya Mwisho

"Shemeji, umefanya nini?"

Nilikuwa nimeinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Mhudumu wetu tulimwita Shemeji kwa sababu kwake kila mwanamke pale maabarani ni shemeji, hata Daktari, mkuu wetu, aliyemkanya mpaka akachoka mwenyewe.

"Nimeipasha moto kidogo tu," akajitetea. "Wageni wanakuja leo, na fuwele yako inajivuta kama bibi harusi."

Fuwele ilikuwa imelala chini ya chupa. Ndiyo ya mwisho iliyobaki nzima, bapa kama ukucha, tabaka juu ya tabaka mfano wa kurasa za kitabu kilichofungwa. Kazi yetu ilikuwa kupenyeza kemikali ya anilini kati ya kurasa hizo, chembe zake zishikane humo ndani ziwe polima, plastiki inayopitisha umeme. Fuwele yenyewe ndiyo inayozishikanisha, kwa hiyo kimiminika cha nje hakitakiwi kubadilika rangi. Hiki kilikuwa cha buluu, kama maji yaliyofuliwa jinzi mpya.

"Na kifuniko je?"

"Nilikifungua. Isije ikatulipukia, shemeji."

Nikaiweka chupa mezani. Joto na hewa vilikuwa vimetengeneza polima huko nje. Fuwele iliyokuwa ya manjano sasa ilikuwa nyeusi tii, lakini sikujua kama weusi ule ni wa ngozi tu au umefika moyoni.

Daktari akaingia. Tukaisuuza, tukaikausha, akaigusisha nyaya za mita. Mshale ukaruka.

"Inapitisha!" Shemeji akapiga makofi. "Mikono yangu hii!"

Daktari hakucheka. Leo wakubwa wangeamua kama chumba kibaki chetu au wapewe watu wa idara ya rangi za kupaka. Kikienda, na kibarua changu kinakwenda nacho. Mwanangu alikuwa ameanza kutambaa, nami nilitamani siku atakapouliza mama anafanya kazi gani, nimjibu huku nikitabasamu.

"Daktari," nikasema, "hata gamba la nje litapitisha. Hatuwezi kujua mpaka tuipasue."

"Ipasuliwe?" Shemeji akaruka. "Wageni wako kwenye ngazi! Waonyesheni mshale, wapige picha, waende zao."

"Na ndani ikiwa tupu?" Daktari akaniuliza.

"Basi hatutakuwa na cha kuwaonyesha."

Viatu vilikuwa vinalia kwenye korido. Daktari akaitazama fuwele, akanitazama mimi. "Shika wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeizoea."

Wageni walikuwa wawili. Mwenyekiti, mzee aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, akasogea bila salamu ndefu. Nikabandika selotepu juu na chini ya fuwele. Nikavuta polepole, kama ninavyombandua mwanangu plasta, pumzi nimeibana.

Ikaachana.

Pembeni, buluu iliyokolea ya polima. Katikati, manjano ileile ya zamani. Nikagusisha nyaya pembeni, mshale ukapanda. Nikagusisha katikati, ukalala.

"Kwa hiyo imeshindikana," Mwenyekiti akasema.

"Imeingia, mzee. Imefika hapa."

"Mbona ikakwama?"

Nikaweka nyaya chini ili nimweleze.

"Ni mimi, mzee." Shemeji alikuwa amevua kofia. "Niliiwekea moto. Imejifunga gamba ukingoni, njia zikaziba. Huyu angekuwepo asingenikubalia."

Mwenyekiti akashusha miwani, akachukua lenzi. Akaangalia kipande kimoja, kisha cha pili.

"Nyeusi hata mimi naipaka kwa brashi," akasema mwishowe. "Lakini hii buluu imejipenyeza yenyewe?"

"Yenyewe kabisa, mzee."

Akamgeukia Daktari. "Watu wa rangi watachukua meza kubwa. Nyie bakini na ile ya pembeni mpaka buluu ifike katikati."

"Na msaidizi wangu?"

"Kwani nani ataipenyeza? Mimi?"

Walipotoka, Shemeji akaishika ile meza kubwa akaivuta kuwapisha watu wa rangi, ikapiga kelele sakafuni. "Shemeji, njoo ushike upande wa pili!"

"Siwezi, mikono imejaa."

Vipande viwili vilikuwa vimenata kwenye selotepu, kila kimoja chepesi kuliko ukope. Nikavisogeza chini ya lenzi, nikachukua wembe mpya, nikaanza kukwangua gamba la ukingoni, taratibu, nifungue njia za anilini.