Mkono wa Pili wa Koleta

Huku Kanazi mkubwa anapewa kitu kwa mikono miwili: mmoja unashika, mwingine unagusa kiwiko. Koleta, mke wa Philbert, alianza kumpa mama mkwe wake uji kwa mkono mmoja tangu bega la kushoto lilipomkaza wakati wa kulimia maharage. Mama mkwe, Petronila, akapita nyumba hadi nyumba akisema ule si ugonjwa, ni kiburi.

Philbert akawapeleka wote wawili kliniki, ukweli ujulikane.

Wiston, mtaalamu wa viungo, akamlaza Koleta kwa ubavu, uso ukutani. Akampaka geli, akaanza kuzungusha kichwa cha mashine begani. Alieleza kuwa ni mawimbi ya sauti, sikio haliyapati, yanaingia mpaka ndani ya msuli na kuupasha joto. Alimtaka aje mara sita, na wiki tatu asishike jembe. Dakika ya pili umeme ukakatika. Wiston akatoka kimyakimya kuwasha jenereta, Koleta asijue.

Petronila akakiokota kile kichwa kilichozimika, akaendelea kuzungusha polepole.

"Mwanangu, inasaidia?"

"Inasaidia, mama. Mwambie dokta asante."

Jumapili, baada ya misa, nyumba ya Petronila ilijaa mpaka mlangoni. Aliigiza yote kwa mwiko, sauti ya Koleta na kila kitu, na mimi ndiye niliyemwomba arudie. Philbert naye alicheka, kidogo. Kesho yake akamkabidhi mkewe jembe. Kliniki hawakurudi. Kwamba ile dakika ya mwanzo mashine ilikuwa inafanya kazi, hakuna aliyelisema.

Koleta alilima mpaka Krismasi.

Siku hiyo tulijaa tena. Akaja na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto aliujaribu, tukaona bega likitetemeka. Haukufika kwenye kiwiko.

Petronila hakupokea.

"Na mwingine uko wapi?"

"Hauji, mama."

"Basi nitausubiri."

Philbert alikuwa anatazama viatu vyake. Kikombe kikaanza kucheza.

"Mleteeni mashine," nikasema mimi, na nyumba nzima ikaangua kicheko, pombe ikimwagikia magotini pa Koleta.